Nani Alimpiga Picha Namcheja?

Nawapa watu watatu, nanyi mtanipa jibu.

Alikuwapo Nakijwa, binti ambaye hakuna doa lililompita. Alikuwapo baba yake mdogo, Kiangi, fundi mwashi asiyeamini kitu chochote mpaka kikae imara juu ya kingine. Na alikuwapo jirani yao Namsifu, mshonaji, mwenye subira ya kulitafuta tundu la sindano hadi uzi upite.

Senkondo, baba yake Nakijwa, hakuwa na kipaji cha namna hiyo. Alichokuwa nacho ni kamera ndogo ya dijitali ya mkewe Namcheja, na kila picha aliyompiga nayo ilitoka na ukungu. Mke alipoanza kukonda, Senkondo alitaka picha moja tu iliyo wazi. Akawaita wale watatu sebuleni, mchana wa mvua, mwanga hafifu.

Nakijwa aliigeuza kamera akaona lenzi imetanda mafuta ya vidole. Akaifuta kwa ncha ya khanga. Utando ukaondoka, lakini picha ikatoka na akina Namcheja wawili, mmoja amemwegemea mwenzake.

"Kumbe umeoa mke wa pili na hukuniambia," Namcheja alimwambia mumewe alipoonyeshwa.

Kiangi alieleza kwamba mwanga ukiwa mdogo kamera hukawia kufumba jicho, na mkono wa mtu hauwezi kutulia muda wote huo. Akailaza juu ya kiroba cha maharage mezani, akaitegesha ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Safari hii kila tarehe ya kalenda ukutani ilisomeka. Uso wa Namcheja haukusomeka.

Namsifu akasema kamera inatazama kalenda, haimtazami mtu. Akabonyeza kitufe nusu, akaachia, akabonyeza tena, mpaka kisanduku cha kijani kinachoonyesha kamera inatazama wapi kikatua usoni pa Namcheja. Ndipo akamalizia. Kwa sekunde kumi Namcheja alizuia kikohozi.

Kope zake zilihesabika.

Miezi miwili baadaye walimzika. Siku ya arobaini, walipoanua matanga, vitu vyake viligawiwa: vitenge, jembe, sufuria. Ikabaki kamera, na neno aliloliacha: apewe aliyempiga picha ile.

Nakijwa alisema bila yeye wangeona mafuta matupu. Namsifu akasema, kwa upole, kwamba kidole kilikuwa chake.

"Kidole chako kilikuwa kimeshaondoka, fundi," Kiangi akamjibu. "Picha ilipigwa kamera ikiwa juu ya kiroba changu."

"Basi kipewe kiroba, baba mdogo," Nakijwa akadakia.

Wakacheka kidogo, kisha wote wakamtazama Senkondo. Alikuwa amechoka. Kwa wiki sita alikuwa ameamua kila kitu, tangu mbao za jeneza hadi maneno ya msalabani, na hili angependa amwulize Namcheja mwenyewe. Lakini wazee wa ukoo walisubiri kufunga kikao, na wosia ulitaja mtu mmoja. Akaunyoosha mkono wenye kamera, asijue auelekeze wapi.

Ninyi mliosikia yote: mkono huo ungekuwa wenu, ungekwenda kwa nani?