Blanketi Katikati ya Chalbi

"Asiyelijua jua lako hukufunika blanketi."

Mama Diramu alimwambia hivyo binti yake, aliyekuwa akisoma kwenye simu namna ya kumtibu ndama wa ngamia anayehara, kisha akaenda zake kukama. Diramu na binamu zake wakamgeukia nyanya yao, Akko Bokayo. Usemi huo umetoka wapi? Akko alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya shuka, ndipo akaanza:

Hamkukosea mtu wa kumuuliza. Usemi huo ulipozaliwa, mimi nilikuwa ndani ya gari.

Qabale, binti wa dada yangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe Elema alikuwa amehamisha boma kufuata malisho, ng'ambo kabisa ya jangwa la Chalbi. Mimi nilikuwa huku karibu na zahanati. Asubuhi moja Elema akapanda kilima chenye mtandao, akapiga simu. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana na mtoto hatoki. Akatusomea namba za mahali walipo. Watu wa chanjo ya mifugo walikuwa wamemwachia namba hizo walipopita.

Nesi wetu aliitwa Sista Talaso, na dereva wa gari la zahanati alikuwa Adano, kijana mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Aliziingiza namba zile kwenye chombo cha GPS kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, mshale ukatokea, tukaondoka kwa vumbi.

Mnaijua Chalbi. Nyeupe kwa chumvi, tambarare, hakuna mti wala jiwe la kukuambia uko wapi. Nyayo za jana upepo umezifuta. Tulipofika katikati, jua likiwa utosini, chombo kikazimika. Adano akakiwasha. Kikazimika tena.

"Msiogope," akasema, akitoa simu. "Haya nimeyasoma mtandaoni na kuyahifadhi. Sikilizeni: 'Chombo kikizimika safarini, kimeishiwa nguvu kwa sababu ya baridi. Kifunike kipate joto, kisha ukiwashe.' Mnaona? Watu wameshafikiria kila kitu!"

Akachukua blanketi la sufu ambalo Sista alilibeba kwa ajili ya mtoto, akakiviringishia chombo kama kitoto kichanga, akakiweka palepale mbele, juani.

"Adano," Sista akasema, "na mtoto nitamfunika nini? Kofia yako?"

"Kidogo tu, Sista. Wacha kipate joto."

Tukangoja. Mimi nilikuwa namwona Qabale machoni, msichana niliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Adano alipolifunua blanketi na kukigusa chombo, alikiachia kikaanguka sakafuni.

"Uwii! Kinaunguza!"

Hakikuwaka hata kidogo. Hapo Sista akawa mkali. "Hebu lete hiyo simu. Huyo mshauri wako anakaa wapi?"

Akatelezesha kidole kwenda chini, chini, mpaka penye picha. Akanigeuzia nione. Wanangu, lilikuwa gari limezama kwenye theluji mpaka milangoni, na mtu kando yake amevaa makoti, hata pua haionekani!

"Adano," nikamwambia, "mwenzako alikuwa anaganda. Sisi tunachomwa. Hukuona?"

"Niliona maneno, Akko. Picha sikufikia."

Nilitaka kumchapa, lakini kicheko kilinitangulia. Sista naye akacheka, huku machozi yanamtoka, maana huko mbele kuna mtu anakufa na sisi tuna blanketi.

Ni yeye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa anautazama mtungi wetu wa maji. Mnajua jinsi tunavyousafirisha: unavikwa gunia lililoloweshwa, unawekwa penye kivuli na upepo, na hata saa saba maji yake yanapoza koo.

"Kama maji yanapoa," akasema, "kwa nini hiki kisipoe?"

Tukakitia chombo ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe, tukakiingiza kati ya gunia na mtungi, chini ya gari. Tukalowesha gunia tena kwa maji yetu ya kunywa. Hakuna aliyelalamika. Tulilala kifudifudi sote watatu, tukikitazama chombo kile kama watu wanaongoja ngamia azae.

Adano akakitoa, akabonyeza. Kimya. Halafu taa! Kikatafuta setilaiti zake, kikatafuta, na mshale ukajitokeza!

Ukelele niliopiga ulisikika Ethiopia. Adano aliendesha gari kama mwendawazimu, nami nimekishikilia chombo kwenye gunia bichi, maji yananitiririka mapajani, napaza sauti: "Kushoto! Nyoosha! Nyoosha!" Kisha tukaona mgongo wa nyumba ya kwanza, na Elema akikimbia kuja kwetu bila viatu.

Sista aliruka gari likiwa bado linatembea. Mtoto alitoka baada ya kazi kubwa, akalia vizuri, lakini damu ya Qabale haikukatika. Ilikuwa inatoka kama bomba lililopasuka. Sista alikuwa na sindano yake. Akamchoma, akamkanda tumbo, akamkanda, mpaka ikasimama. Tungechelewa kidogo zaidi, leo ningekuwa nawasimulia jambo jingine.

Mtoto walimwita Guyo, jina la anayezaliwa mchana. Jioni upepo wa jangwa ulipoanza kuuma, Adano mwenyewe akaleta lile blanketi, akamfunika mtoto taratibu. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alisema moja tu, na sisi tukalichukua, na boma zima likalichukua, mpaka leo mama yako anakutupia hapa.

Sasa, Diramu. Huyo ndama wako amelala juani au kivulini? Amekunywa maji ya wapi? Hujui? Basi iweke simu chini, nipe mkono niinuke, twende tukamtazame kwanza.

Asiyelijua jua lako hukufunika blanketi.