Andika Hana Mwenyewe

Ndugu zangu, sogeeni mbele, jazeni nafasi hizo, walioko juani nao wapate kivuli. Adhana ya pili bado, tuna muda kidogo. Nitawapigia mfano wa mchukuzi mmoja wa maji na punda wake wawili. Ni mfano tu, msianze kutazamana mkinong'ona kwamba imamu anamsema fulani. Na nawaambia mapema kwamba mfano wenyewe umeniudhi tangu nilipoanza kuufikiria, kwa hiyo mkisikia napandisha sauti, mnivumilie.

Mchukuzi huyu aliishi katika mji mkavu, mji wenye bomba moja la maji pembeni ya uwanja wa mnada. Punda wake wa kwanza alikuwa jike mzee, na majirani kwa utani wao wakamwita Bi Mkubwa. Wa pili alikuwa jike kijana, ana tumbo jeupe na masikio yamesimama, amenunuliwa juzi juzi tu. Huyo wakamwita Bi Mdogo. Haya, chekeni sasa, maana baadaye hamtacheka.

Bi Mkubwa alibeba maji miaka kumi na mmoja. Kila siku baada ya sala ya alasiri mwenyewe anamfunga madumu manne matupu, anampiga kikofi pajani, basi. Punda anakwenda peke yake. Anampita muuza mkaa, anakata kona kwenye ukuta wa shule, anafika bombani na kusimama kwenye foleni na watu. Mwenye bomba anamjazia, yeye anageuka, anarudi nyumbani. Hafungwi kamba, hachungwi, hapotei. Akifika anaingiza pua yake kwapani kwa bwana wake, kwa sababu anajua hapo pana ganda la muhogo limefichwa kwa ajili yake.

Mchanga na mawe ya nyumba ya mchukuzi yule vilikuja juu ya mgongo wa punda huyo. Mkewe aliposhikwa na uchungu wa kujifungua na mji mzima hauna gari, alipelekwa zahanati juu ya mgongo huo huo. Mgongo huo, ndugu zangu, ulikuwa umeoza!

Umeoza kwa sababu ya tandiko. Lilikuwa tandiko la gunia, limeshonwa kwa kamba ya katani, na fundo moja la kamba lilikuwa linamsugua Bi Mkubwa pale pale kila siku. Pakatoka manyoya, kisha ngozi, kisha pakawa kidonda cha kutosha kuingiza ngumi. Bwana wake alikiona. Asingeweza kusema hakukiona, maana ndiye aliyekuwa akifunga tandiko. Akafanya wanavyofanya wachukuzi wote wa mji ule: akaenda gereji, akaomba oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya lori, akampaka. Oili inafukuza nzi, na nzi wakiondoka watu hawaulizi. Halafu akamrudishia tandiko juu ya kidonda na kufunga madumu.

Siku moja likaja gari lenye spika. Lilikuwa gari la shirika la kutetea wanyama, lile la kimataifa, lenye makao yake ng'ambo na matabibu wake kila nchi. Tangazo lilikuwa fupi, na nataka mlisikie vizuri. "Ijumaa, uwanja wa mnada. Leteni punda wagonjwa. Leteni wenye vidonda, wanaochechemea, waliokonda. Matibabu ni bure. Hakuna atakayelaumiwa." Wamesema hakuna atakayelaumiwa! Mnataka waseme nini tena?

Lakini sisi watu wa kamati tunajijua. Kamati ya mji ikakaa, ikaona haya kuwaonyesha wageni vidonda vitupu. Ikaongeza jambo lake: mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na mshindi apewe zawadi jukwaani. Hapo ndipo mchukuzi wetu alipopata usingizi wa raha.

Alhamisi mkewe akamwambia, "Baba watoto, kesho mpeleke Bi Mkubwa. Jana nimemsogelea na ndoo, ananuka."

"Mke wangu, unataka nikaaibike? Mji mzima utakuwepo pale. Nikavue lile tandiko mbele ya watu?"

"Wamesema hawamlaumu mtu."

"Wao hawatalaumu. Majirani je?" Kisha akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu ambaye ameshaamua: "Bi Mkubwa nitampaka oili Jumamosi."

Mkewe akanyamaza. Na yeye sitamsafisha, maana alinyamaza upesi mno.

Ijumaa asubuhi mchukuzi akamwogesha Bi Mdogo kwa sabuni ya kufulia, akamsugua kwa brashi, akampaka kwato mafuta ya nazi, akamvisha ushanga shingoni. Bi Mkubwa akampeleka nyuma ya jiko, mahali asipoonekana kutoka barabarani. Tandiko akamwachia mgongoni, ili hata mpita njia akichungulia asione kitu. Akamtupia fungu la majani. Kumfunga kamba hakukumjia akilini hata kidogo, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja hajawahi kumfunga.

Basi uwanjani mnadhani walikuja punda wagonjwa? Walikuja punda wanaong'aa! Foleni ndefu ya punda waliokoga, na matabibu wamekaa na dawa zao, bandeji zao, sindano zao, hawana wa kumtibu. Daktari mkuu wao, ili msije mkasema ni mambo ya Wazungu, alikuwa binti wa huku huku, shirika limemwajiri. Alipofika kwa Bi Mdogo akapitisha kiganja mgongoni mwake polepole.

"Mzee wangu, huyu hajawahi kubeba hata kikapu. Maji unachukulia nani?"

"Huyu huyu, daktari. Ni matunzo tu."

"Nyumbani huna mwingine?"

"Sina."

Daktari akamtazama, akaenda kwa mwingine. Sala ya alasiri ikaswaliwa pale pale uwanjani, na mchukuzi wetu alisimama safu ya kwanza. Baada ya sala kamati ikatangaza mshindi, na mshindi ni yeye. Akapandishwa jukwaani. Akapewa zawadi ya shirika: tandiko jipya, laini, limejazwa sponji, lina mikanda mipana isiyokata ngozi. Akapigwa picha amelikumbatia, na watu wakapiga makofi.

Sasa ilikuwa saa gani, ndugu zangu? Si alasiri imeshaswaliwa? Saa ya maji!

Nyuma ya jiko Bi Mkubwa aliona saa yake imefika na hakuna aliyekuja kumfunga madumu. Akajiondokea. Akampita muuza mkaa, akakata kona kwenye ukuta wa shule, anachechemea, akafika bombani na kusimama kwenye foleni kama kawaida yake. Kisha akainua pua. Akamnusa bwana wake ng'ambo ya uwanja, akakata katikati ya watu kumfuata, na watu wakampisha kwa sababu ya harufu. Akafika chini ya lile jukwaa fupi, akanyoosha shingo, akaingiza pua yake kwapani kwa yule mtu aliyekumbatia tandiko jipya. Alikuwa anatafuta ganda lake la muhogo.

Daktari alifika mbio. Akataka kulivua lile gunia, likakataa, limegandana na nyama. Ikabidi walilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, na muda wote huo punda anatetemeka lakini hapigi teke. Lilipobanduka, waliokuwa mbele waligeuza nyuso zao. Palikuwa na funza. Nitaishia hapo, humu ndani mna watoto.

"Punda wa nani huyu?" daktari akauliza.

Mji mzima unamjua Bi Mkubwa! Mwenye bomba, aliyemjazia madumu miaka kumi na mmoja, akainama kutazama viatu vyake. Jirani aliyempa jina la utani akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, na haikuwa imelia. Wote wakamhifadhia mwenzao heshima yake, na walidhani wanafanya wema.

Daktari akamgeukia mchukuzi. "Mzee, huyu amekuja kwako moja kwa moja. Unamjua?"

Mchukuzi akausukuma mdomo wa punda kwa kiwiko. "Simjui. Hawa wa barabarani wamezagaa, wanamfuata kila mtu."

"Nisikilize, baba yangu," daktari akasema, na sasa alikuwa ameshusha sauti ili wengine wasisikie. "Sikulaumu. Niambie tu ni wako, tumtibu, ukae naye, tukufundishe kumsafisha kidonda. Lakini nikiandika hapa kwamba hana mwenyewe, gari litamchukua, na hutamwona tena."

Mchukuzi akatazama watu. Akamtazama mwenyekiti wa kamati aliyetoka kumpa mkono. Alimpenda yule punda, ndugu zangu, msidhani hakumpenda. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, "wangu", na mtoto wa miaka miwili analiweza. Akasema, "Andika. Andika hana mwenyewe."

Wakamsafisha, wakamchoma sindano, wakampandisha garini. Alipanda kwa utii, kwa sababu alizoea kwenda anakopelekwa.

Kesho yake alasiri nyumbani hakuna maji. Mchukuzi akamfunga Bi Mdogo lile tandiko jipya na madumu manne, akampiga kikofi. Bi Mdogo akaruka, akayamwaga madumu, akakimbilia shambani kwa watu. Akajaribu siku ya pili, siku ya tatu, vile vile. Basi mshindi wa matunzo akachukua mti, akaning'iniza dumu huku na dumu huku, akaweka begani, akaenda bombani kwa miguu yake, na kamati wakamwona. Siku ya kumi bega likachubuka. Wiki ya tatu likawa kidonda, na nzi wakalijua. Akamwita mkewe, akavua shati, akainama.

"Mama watoto, nitazame hapa. Panawaka moto. Nitie kitu."

Mkewe akaingia ndani, akatoka na kopo, akaliweka mbele yake. Ilikuwa ile oili chafu ya lori.

"Hii hapa," akasema. "Nikupake, kisha ujitwike dumu lako uende."

Mnanyamaza? Nilitaka mnyamaze. Najua wengine mmeshakasirika naye, mnasema katili yule, mnafiki yule. Na wengine mmeshaanza maneno yenu niliyoyazoea, kwamba mashirika ya ng'ambo yanapenda wanyama kuliko binadamu. Mimi nauliza swali jingine. Imekuwaje shirika livuke bahari lije kukiona kidonda ambacho sisi tunafungia kamba juu yake kila siku? Hatuoni haya? Mnyama hana ulimi wa kushitaki, lakini Aliyemuumba anamsikia, na sisi tutaulizwa.

Na tukishaulizwa kuhusu punda, tutaulizwa kuhusu wengine. Leo ni Ijumaa. Tumeoga, tumevaa kanzu zilizopigwa pasi, tumejipaka mafuta mazuri, tumekuja kusimama safu. Kanzu hiyo nani ameipiga pasi? Ni yule binti wa kazi aliyeungua mkono tangu Jumatatu, ukamwambia ajipake dawa ya meno. Yuko wapi mama yako mzazi wageni wanapokuja? Si unamhamishia chumba cha nyuma kwa sababu anakohoa na anasahau maneno? Na yuko baba humu ndani, simtaji, ana mtoto aliyepooza miguu. Akiulizwa ana watoto wangapi, anasema watatu. Wako wanne, ndugu yangu! Majirani tunajua wako wanne, na sisi nasi tunatazama viatu vyetu.

Tumemletea Mwenyezi Mungu punda aliyeogeshwa. Yeye amesema tulete wagonjwa, sisi tumefanya mashindano.

Mtaniuliza kama Bi Mkubwa alipona. Alipona. Yuko kwenye malisho ya shirika, mgongo umeota manyoya, meupe pale palipokuwa na kidonda. Anakula, analala, habebi kitu. Ila watunzaji wake wanashangaa jambo moja. Kila alasiri anaacha majani, anakwenda kusimama langoni, anangoja madumu yake. Hajui kwamba ameandikwa hana mwenyewe.

Adhana ya pili bado. Anayekaa karibu, na anajua amemwacha nani nyuma ya jiko, ainuke sasa hivi aende nyumbani akamwone. Hatutageuza shingo kumtazama. Nafasi yake kwenye safu tutamwekea.