Siwema Amekosa Pembe

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma mmeitika na mihogo mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na nyumba ya uzazi. Msimamizi wake alikuwa Bi Nunu, mwanamke mpenda utaratibu. Hata kuku wake wakila kwa zamu. Mtoto akizaliwa tu, Bi Nunu humwosha, humviringisha nguo, humpeleka chumba cha ng'ambo ya ua, humlaza kapuni, humnywesha maziwa ya mbuzi. Na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, mama huamriwa ayakamue chini.

"Machafu hayo! Mama apumzike, mtoto atengwe!"

Basi Siwema akajifungua mtoto wa kiume. Hata uso hajauona vizuri, mtoto huyoo, kapuni! Kule mtoto ngaa! ngaa! Huku mama kwi! kwi! Siku ya tatu alipoletewa mwanawe amnyonyeshe, matiti yalikuwa yamevimba, magumu kama vifuu. Mtoto akageuza uso. Akitiwa titi, mayowe. Akinyweshwa ya mbuzi, anaharisha. Siku zikapita, mtoto akakonda, na maziwa ya Siwema yakaanza kupungua.

"Hakutaki," akasema Bi Nunu. "Wengine ndivyo walivyo."

Neno lile lilimchoma Siwema kuliko uchungu wa kuzaa. Akaenda kumlilia nyanya yake, Bi Mkasi, mkunga wa zamani. Meno hana, ulimi anao.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema Bi Mkasi. "Mbuzi wa Bi Nunu anazaa leo."

Siwema akadhani bibi amezeeka sasa.

Wakaenda wote uani kwa Bi Nunu, na mbuzi akazaa. Kabla hajamlamba mwanawe, Bi Mkasi kamnyakua! Akamwosha, akamviringisha kanga, akamlaza kapuni chumbani, akafunga mlango. Mbuzi, meee! Ndani, me! me! Watu wakajaa uani. Bi Nunu akaja mbio, kilemba begani.

"Bi Mkasi! Una wazimu? Mrudishe kwa mamaye!"

"Mama apumzike, mtoto atengwe."

"Asipomlamba sasa hivi atamkataa! Na asiponyonywa, maziwa hayashuki!"

"Mpe maji ya muwa."

"Maji ya muwa! Dang'a ndiyo uhai wake! Hata mtoto mdogo anajua!"

Mbuzi, meee!

"Kumbe unajua," akasema Bi Mkasi. "Basi Siwema amekosa nini? Pembe?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Nunu akamtazama mbuzi, akamtazama Siwema aliyesimama pale analia. Akaona haya. Akamtoa mwanambuzi, akamrudisha kwa mamaye, kisha akaenda mwenyewe kumleta mtoto wa Siwema kutoka kapuni. Wakamvua nguo zote, wakamlaza kifuani pa mamaye, ngozi kwa ngozi.

"Usimsukume," akasema Bi Mkasi. "Mngoje."

Mtoto akalala. Akanusa. Akainua kichwa, kikaanguka pu! Akakamata kidole cha Bi Nunu, akakinyonya, akakitema. Akatambaa kidogo. Halafu, nyu! nyu! nyu!

Siwema akalia tena, safari hii kwa furaha. "Ananitaka, bibi! Mwanangu ananitaka!"

Tangu siku hiyo watoto hulala na mama zao, na vile vikapu hutagia kuku. Kwa zamu, lakini.

Mtoto kwa mamaye kwanza, utaratibu baadaye. Bi Mkasi alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Lakini kijijini kwao, mtu akimsogelea mzazi mpya na kikapu mkononi, wanawake humwuliza kwa pamoja: "Amekosa pembe?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyebakiza mhogo, anipe.