Kiboko Alivyosomewa Uganga wa Meno

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipoanza kusoma chuo kikuu kwa simu, Kiboko naye alijiandikisha. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na alisomea uganga wa meno. Mfalme Simba alikuwa ameahidi kwamba atakayefaulu atapewa zahanati ya mtoni pamoja na nyumba yake.

Mkewe akafurahi. Akashika jembe, akalima peke yake ili mumewe asome.

Kusoma gani! Somo likianza, kila mwanafunzi aliandika, "Nipo, mwalimu," na Mwalimu Korongo huko mbali aliko akaridhika. Kiboko aliandika "Nipo," akaiacha simu ikiongea juu ya jiwe, akaenda kujilaza topeni. Pwaa!

Jirani yake Nguchiro alimdharau moyoni. Kichwa kikubwa vile, na hakina pa kuweka somo moja. Lakini alimwendea kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Unajichosha bure. Niachie simu nikuandikie mimi, na majaribio nikujibie."

"Marahaba. Utataka nini?"

"Viazi vya kula nikiwa kazini."

"Chukua. Unajua, kijana, mimi kichwa ninacho. Nimekosa hamasa tu. Siku ikinijia, nitasoma yote kwa mkupuo."

"Itakuja, mzee. Isubiri hapo hapo kwenye tope."

Basi Nguchiro akala viazi, akasikiliza, asipoelewa akarudia, akafanya mazoezi kwenye fuvu la ngiri aliloliokota porini. Kiboko akasubiri hamasa. Ingempata wapi, naye amezama mpaka masikioni?

Cheti kikatoka kwa jina la Kiboko, ngoma ikalia ti! ti! ti! Kesho yake jino likamshika Simba, akaagiza daktari aitwe.

Kiboko akaja na koti jeupe. Nguchiro alikuwa keshakaa mbele, hakutaka kupitwa na kitu.

"Jino linaniua," alisema Simba. "Utaanzaje?"

Kiboko akapekua kichwani, akakuta neno moja tu. "Nipo, mfalme."

"Nakuona kwamba upo. Nauliza utaanzaje."

Kiboko akashika koleo, akang'oa la karibu. Kwacha! Lilikuwa jino zima. Simba akanguruma, koti likamvuka daktari.

"Mfalme," alisema Nguchiro, "ukiahidi kutofumba mdomo, nitaingia."

Akaingia. Akagonga jino moja moja, ko, ko, ko, mpaka akalipata bovu. Akalipaka mafuta ya karafuu, akalitoa taratibu. Simba akashusha pumzi.

"Wewe umesomea wapi?"

"Kwa Bwana Kiboko, mfalme. Simu yake, viazi vyake. Yeye alikuwepo."

Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Zahanati na nyumba vikaenda kwa Nguchiro.

Mke wa Kiboko hakucheka. Alimkabidhi mumewe jembe. "Upo, baba watoto?"

"Nipo," alijibu Kiboko kwa sauti ndogo.

"Basi lima."

Hadithi yangu naing'oa hapo: mwenzio akikusomea, elimu ni yake, chako ni cheti.