Siku Bi Mkubwa Alipoondolewa Mtaani

Zamani, kabla kila nyumba ya mtaa ule haijawekewa geti la chuma, hapakuwa na sauti iliyojulikana kuliko ya Bi Mkubwa. Asubuhi alikohoa, akatetemeka, akakohoa tena, kisha akaondoka taratibu, na waliokuwa bado kitandani wakajua kumekucha. Bi Mkubwa hakuwa mtu. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu wake.

Mwenye gari aliitwa Mwalimu, basi. Walimu wa shule walikuwapo mtaani, tena wengi, lakini hao ilibidi watajwe pamoja na masomo yao. Huyu alikuwa amemfundisha udereva karibu kila aliyeweza kushika usukani pale: fundi cherehani, mama mwoka mikate, mkunga, hata daktari wa meno. Alikuwa mpole wa maneno, ila alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Anayejifunza hachekwi. Ukimcheka mwenzako aliyezimikiwa na gari njia panda, unashushwa hapo hapo na kurudi kwa miguu. Aliwafundisha pia kutoa ishara kwa mkono dirishani, kwa kuwa taa za Bi Mkubwa zilikuwa na siku zao za kuwaka.

Mkewe alizoea kuwaambia wageni, "Huyu bwana ana wake wawili, na mimi ndiye mdogo. Mkubwa analala nje, lakini ndiye anayeogeshwa kila siku."

Raha ilioje siku zile! Mtu akifaulu mtihani wa leseni, Mwalimu alimpitisha mtaa mzima akipiga honi, na watu wakatoka milangoni kumpungia mkono kama bwana harusi. Hakuna aliyefikiri kwamba jambo dogo namna ile lingekuja kukumbukwa kwa uchungu.

Chuma nacho huzeeka. Siku moja Bi Mkubwa alikohoa asiondoke. Makanika alizama chini ya boneti, akaibuka na mikono myeusi na uso wa msiba. "Mwalimu, huyu ametutoka," alisema. "Spea zake hazitengenezwi tena popote." Mwalimu aliliegesha gari kando ya ukuta wa fundi cherehani, akaahidi kutafuta spea mwenyewe. Miezi ikazaa miaka. Magurudumu yakalala, majani yakaota chini ya bampa, na paka akapata mahali pa kuzalia.

Waliokuja kuomba kufundishwa walijibiwa neno moja: "Sina gari." Wakisisitiza, aliongeza, "Mwalimu wa udereva bila gari ni mtu wa porojo tu." Hata hivyo, kila asubuhi alifuta vumbi mlango wa dereva, akaingia, akarekebisha kioo, akaketi kidogo. Jioni moja mkewe alipomuuliza anangoja nini, hakumficha. "Likiwa pale, mimi bado ni Mwalimu," alisema. "Siku likiondoka, nitakuwa mzee aliyekaa kitini." Mkewe alikuwa na mzaha tayari ulimini, lakini safari hii aliumeza.

Ndipo halmashauri ilipotunga kanuni za magari yaliyotelekezwa. Aliyetumwa mtaani alikuwa afisa wa kike, mwenye sare iliyopigwa pasi na bunda la vibandiko vyekundu. Mwalimu alimtambua kabla hajafika. Alikuwa mwanafunzi wake mwoga kupita wote, aliyekuwa akikanyaga breki hata gari likiwa limesimama, na mtaa ukampa jina la Breki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Breki. Umekuja kunisalimia na gundi mkononi?"

Afisa aliinamisha uso. "Nimekuja kikazi. Gari lisilotembea haliruhusiwi kukaa barabarani. Nikibandika hiki, una wiki tatu. Likitengenezwa likatembea, nakuja kukibandua mwenyewe. Ukitaka kupinga, unaandika barua ofisini, na mimi nitakusaidia. Usipofanya lolote, linapelekwa yadi, na huko likikaa bila kukombolewa linauzwa chuma chakavu."

"Kwa hiyo ni wewe utakayelichukua."

"Akija mwingine, Mwalimu, hatakuamkia."

Mwalimu alitazama kile kibandiko, akavuta pumzi. "Bandika. Lakini usiweke kioo cha mbele. Dereva ataonaje njia?" Breki akakibandika kwenye dirisha la nyuma, akakipapasa pembe zake polepole, akaondoka bila kugeuka.

Habari zikaenea kama moto wa makuti. Jioni ile majirani walijazana dukani kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa mtu wa kujua kila kitu nusu, na nusu hiyo aliitetea kwa nguvu zote. Alikuwa amepita kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, akazisoma kanuni.

"Tulieni," alisema, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Zinasema gari lililotelekezwa barabarani. Mmesikia? Barabarani. Tukilitoa barabarani, kile kibandiko kinabaki pambo."

"Tulipeleke wapi?" aliuliza mama mwoka mikate.

"Kwenye kiwanja cha lile ghala la mwisho wa kichochoro. Nafasi tele, na ghala lenyewe halifunguliwi siku hizi."

Mwalimu hakulipenda wazo hilo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na moyo wake ulikuwa umekwisha kulishika kabla akili haijakataa. Jumapili alasiri aliketi nyuma ya usukani, na mtaa ukasukuma.

Aliyeona msafara ule hausahau. Wote waliosukuma walikuwa wanafunzi wake, basi walisukuma kwa adabu ya udereva. Daktari wa meno alitembea ubavuni akitoa ishara kwa mkono. Walipofika njia panda, pasipo na hata baiskeli, walisimama wote, wakaangalia kulia, kushoto, na kulia tena, kisha wakaendelea. Kichochoro cha ghala kilikuwa chembamba, lakini Bi Mkubwa naye alikuwa mwembamba, akapita. Kule mwisho walimgeuza, wakamrudisha nyuma taratibu hadi akanyooka sawasawa na geti la ghala, pasipo kupinda hata kidogo. Hakuna aliyejiuliza geti lile ni la kuingizia nini, maana maegesho yalikuwa mazuri mno. Mwalimu alishuka akicheka, kicheko cha zamani kile, na watu wakaona kama miaka imerudi nyuma pamoja na gari.

Jumatatu asubuhi mwenye ghala alifika na lori la magunia. Lori likabaki barabarani likizuia wapita njia, kwa kuwa getini palikuwa na Bi Mkubwa. Mwenye ghala hakutukana mtu. Alitoa simu, akaipigia halmashauri.

Breki alikuja akiwa amenuna, na nyuma yake likaja gari kubwa la kubeba magari mabovu. Alimwendea fundi moja kwa moja. "Nani aliwaambia mlilete huku?"

"Kanuni zinasema barabarani," fundi alijibu, ingawa sauti ilikuwa imeanza kupungua.

"Barabarani nilikuwa na uwezo wa kungoja. Kwenye kiwanja cha mtu, bila ruhusa yake, akilalamika linaondolewa siku hiyo hiyo. Iko ukurasa wa pili, fundi."

Fundi aliizungusha tepu yake kidoleni. "Sikuufikia. Kuna mteja alikuwa anangoja suruali."

Mwenye ghala alimsogelea Mwalimu, akamshika mkono. "Mzee wangu, ungekuja kuniomba tungeongea. Ila sasa mzigo wangu uko juani."

"Una haki, mwanangu," Mwalimu alisema. "Kosa ni letu."

Breki akatangaza kwamba mwenye gari anaruhusiwa kuchukua vitu vyake. Mke wa Mwalimu aliingia garini akatoka na mto wa kukalia wanafunzi wafupi. "Huu niliushona mimi," alisema, akaukumbatia. Mwalimu hakuchukua kitu. Aliketi juu ya jiwe, akangoja.

Lakini Bi Mkubwa hakuondoka kirahisi. Ili kumpakia, ilibidi lile gari kubwa lirudi kinyumenyume kichochoro kizima, na dereva wake hakuweza. Mara ya kwanza alilipiga pipa la taka. Mara ya pili alibakiza kidogo tu aukwangue ukuta. Majirani walianza kucheka, kisha wakapiga makofi, kila mmoja akimpa maelekezo ya uongo. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akifuta viganja kwenye suruali na masikio yamemwiva.

Mwenye ghala alianza kuguna kwamba afadhali wasukume gari kando, hata kama ni kwa siku chache. Breki alikuwa akisikia. "Akishindwa hata safari hii," alisema, "itabidi tulisogeze pembeni, tungoje mpaka lipatikane gari dogo la kulibeba. Na magari madogo hatuna."

Fundi aliposikia hayo alimwinamia Mwalimu sikioni. "Kaa kimya, Mwalimu. Mungu ametuletea dereva asiyejua kurudi nyuma. Kesho kutwa tutamwomba mwenye ghala atupe kona."

Mwalimu aliwatazama watu wake wakicheka. Akamtazama yule dereva. Kisha akainuka.

"Nani anacheka?"

Kichochoro kizima kilinyamaza. Watu wazima wenye wajukuu walitazama miguu yao. Mwalimu alikwenda hadi dirishani kwa dereva.

"Zima kwanza, mwanangu. Pumua. Hawa wote waliwahi kuzimikiwa na gari wakalia, nitakusimulia siku nyingine. Sasa sikiliza. Unauogopa ukuta, ndiyo maana unaufuata. Acha kuutazama. Tazama pale unapotaka kwenda."

"Nakata kona lakini haikubali, mzee."

"Unakata mapema. Ngoja ile pembe ya ukuta ifike usawa wa bega lako, ndipo ukate. Haya, washa. Polepole."

Akatangulia nyuma, mkono juu. "Njoo. Njoo. Bado. Bado. Sasa kata. Rudisha. Nyoosha, usiogope, nyoosha." Gari kubwa likaingia kichochoroni kama uzi tunduni mwa sindano, likarudi, likarudi, likasimama shubiri moja mbele ya Bi Mkubwa. Mwalimu aliushusha mkono. Ndipo alipotambua alichofanya, na fundi akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Walilivuta gari kwa kamba ya chuma hadi likapanda. Mwalimu alilia mchana kweupe, mbele ya watu, bila kujificha, na Breki alilia pamoja naye, sare yake mwilini. Ujana wa mtaa mzima ulikuwa umefungwa minyororo juu ya gari lile.

Kabla ya kuondoka, dereva aliteremka, akavua kofia.

"Mzee, leseni yangu ni ya miaka mingi, lakini habari ya pembe na bega sijawahi kuambiwa na mtu. Jumamosi sina kazi. Nije unifundishe?"

"Gari langu si hilo umelibeba?"

"Lakini mzee, umenifundisha sasa hivi, na lilikuwa halijatembea miaka. Nitakuja na langu. Wewe njoo na mdomo wako."

Mama mwoka mikate akapenya katikati ya watu. "Na mimi nina binti nyumbani, na gari la mikate linalala bure mchana. Nilikuwa naona haya kukuomba, kila siku unasema huna gari."

Mwalimu alitazama kule kichochoroni, alikopita kinyumenyume akiwa ameinua mkono. Alikuwa kama anayesikiliza jambo alilokuwa akiambiwa siku nyingi asilisikie. Mkewe akamgusa bega. "Mke mdogo bado yupo," alisema, "na chai ipo."

Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja, akamgeukia dereva.

"Jumamosi asubuhi. Usije na viatu vya kuteleza."

Bi Mkubwa hakurudi kutoka yadi, na wa mtaa ule wanamkumbuka mpaka leo, kila mmoja na kisa chake. Lakini magari ya kila rangi husimama mlangoni kwa Mwalimu, na yeye hutoka na kuingia upande wa abiria. Koleo lilivunjika, tena lilivunjika mbele ya macho yake, lakini mhunzi hakuvunjika. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.