Diski Tatu za Fundi Saa

Picha ni moja, mikasi ni mia. Methali hiyo mmeisikia jana kwa shangazi yenu alipokuwa akiwaamulia, leo mmekuja kuniuliza picha na mikasi ni wapi na wapi. Kwanza nitegulieni hiki: mgeni wangu ni mmoja, lakini kila mji anaopita ananyolewa. Hamkijui? Basi nipeni mji. Mmenipa Tanga? Mmenipa pahala penyewe hasa. Mgeni huyo ni sinema, na methali yenu ilianzia huko huko Tanga. Ilianza hivi.

Palikuwa na mke na mume mtaa wa Ngamiani, Bi Mwanakombo na Mzee Mbwana. Walipendana, ila walikuwa na ugomvi mmoja ambao haukuzeeka pamoja nao. Zamani, kabla hawajaoana, ilikuja mjini picha ya Kihindi ambayo jina lake liliwashinda watu. Wakaiita Fundi Saa, maana kijana wa ndani yake alikuwa akitengeneza saa, tena akampenda binti wa hakimu. Siku hizo wanawake walikuwa na onyesho lao, Jumatano alasiri. Mwanakombo aliiona huko, na shela lake na karanga zake. Mbwana aliiona usiku wake, na wanaume wenzake.

Mwaka wa pili wa ndoa, Mbwana akapata kazi ya reli Moshi. Pale stesheni, mguu mmoja umeshakanyaga treni, akamwambia mkewe asilie, kwani yeye ni Fundi Saa. Maskini, alidhani amembembeleza. Mwanakombo alikwenda nyumbani, akafunga nguo zake, akarudi kwa mama yake. Fundi Saa aliyemwona yeye alipanda treni akaenda zake, binti akabaki analia stesheni, na picha ikaisha.

Miezi mitatu baadaye Mbwana alirudi na doti mbili za khanga, akakuta kufuli mlangoni. Wazee walisuluhisha, mke akarudi. Mbwana aliapa kwamba Fundi Saa aliruka kutoka kwenye treni akamrudia mchumba wake. Mwanakombo alimsamehe, lakini hakumwamini. Aliona mwisho ule ameutunga ili afunike maneno yake. Wakaishi hivyo miaka thelathini na tano.

Kisha presha ya macho ikamwingia Mzee Mbwana. Daktari alisema nuru iliyobaki si ya miezi mingi. Mzee hakulalamika. Alimwambia mkewe kwamba katika vyote vya kuonwa duniani anataka kuiona picha ile mara moja, na aione naye.

Bi Mwanakombo akaenda kwa Kidawa, mwanamke mwenye duka la filamu. Kidawa aliuliza kwa wenzake huku na huko, na baada ya wiki tatu zikaja diski tatu: ya London, ya Dubai na ya India. Bibi alitaka kununua moja, tena ile itakayofaa.

Ya London ilikuwa na sifa ya kung'aa kama maji ya mtungi, lakini deki iliitema. Kidawa akaeleza kuwa wauzaji wakubwa wameigawa dunia mafungu, kila fungu na namba yake, na diski ya kule haielewani na deki ya huku.

"Kumbe na diski inataka viza," akasema Bi Mwanakombo.

Ya Dubai ilikuwa na kava jekundu la maandishi ya dhahabu. Hiyo haikuwa na namba ya fungu, ikakubali, picha safi, maneno ya Kiarabu yakipita chini. Bibi akaomba apelekwe mwisho. Treni ikaondoka, binti akalia, majina yakapanda. Moyo wake ukaruka kama wa msichana.

"Nifungie hii," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Kidawa hakufunga. Aligeuza kava lile, akaligeuza na la India, lililopauka kama kitenge cha jikoni. "Soma mgongoni, mama'angu. Hii ya Dubai dakika mia na arobaini. Hii ya India mia na sabini na mbili. Picha ni moja, lakini kila inapoingia hukutana na mkasi. Hawa hukata nyimbo, wale hukata mabusu, wengine wanataka tu iishe mapema."

"Hizo thelathini na mbili zina nini?"

"Sijui. Na ukichukua hii ya Dubai, hata wewe hutajua."

Bi Mwanakombo akabaki na kava jekundu mkononi. Alikuwa ameushika ushindi wake. Angeupeleka nyumbani, na mumewe angetumia nuru yake ya mwisho kujiona anaitwa mwongo. Akalirudisha mezani.

"Weka ya India."

Ilikuwa na michirizi kama mvua inanyesha ndani ya televisheni. Treni ikaondoka, binti akalia. Bibi akangoja majina. Hayakuja. Ikaja treni tena, ikipinda kona, na Fundi Saa akatupa sanduku lake la vyuma majanini, akajitupa na yeye. Akainuka anachechemea, akaifuata reli kurudi alikotoka.

Kidawa alimvutia kiti. Bi Mwanakombo akaketi, akihesabu saa kwa vidole.

Alasiri ya pili yake wakaketi wawili, Mzee Mbwana akiwa karibu kabisa na kioo. Treni ilipoondoka alimshika mkewe mkono, akangoja aanze ubishi. Mkewe hakuanza. Fundi Saa akaruka.

"Mbwana," akasema mkewe taratibu, "ulisema kweli."

"Umeamini kwa kuwa imesema televisheni?"

"Nimeamini kwa saa. Onyesho letu lilianza saa kumi, na kabla ya magharibi tulikuwa nje, ili tuwahi majumbani. Picha ya muda wa karibu saa tatu ingeenea wapi? Walituwashia taa Fundi Saa akiwa bado ndani ya treni."

Mzee alicheka mpaka akajifuta macho. "Yaani miaka yote hii nimekaa na mke aliyeniona nikiondoka tu."

"Rudisha nyuma kidogo," akasema Bi Mwanakombo. "Nikuone tena ukiruka."

Wakarudisha mara tatu. Tangu siku hiyo jirani aliyekuja kwao na kisa cha kumshitaki mwenzake, Bi Mwanakombo alimwuliza kwanza kisa chake ni cha dakika ngapi, kisha akamwambia akamsikilize na yule wa pili, maana picha ni moja, mikasi ni mia. Mtaa ukayadaka maneno yake, yakavuka mitaa, yakamfikia na shangazi yenu.

Kwa hiyo mkiona mtu analia na mwenzake anaapa, msikimbilie kumtafuta mwongo. Huenda wote wawili wameona, ila mmoja aliwashiwa taa mapema. Picha ni moja, wajukuu zangu, mikasi ni mia.