Nyumba Iliyokimbia Deni

Sogeeni. Anayesinzia na asinzie, masikio tu aniachie mimi.

Mngwali na Ubwa walikuwa marafiki, mabaraza yao yakitazamana. Kila jioni walinywa kahawa kwa kikombe kimoja. Siku moja Ubwa akaomba mkopo, na Mngwali akampa mtungi mzima wa fedha.

Mngwali alipokwenda kudai, nyumba ya Ubwa ikaona haya, ikainuka kama moshi, ikatua ng'ambo ya mto. Akavuka mto; ikatua nyuma ya kilima. Akapanda kilima, ikaelea mawinguni, kahawa ikinukia.

"Ubwa ndugu yangu, nimekusamehe! Rudi tunywe kahawa!"

Nyumba ikashuka polepole, ikatua palepale pa zamani. Mngwali akakimbia, kikombe mkononi.

Akakuta baraza limempa mgongo.